Sola ya nyumbani Nairobi: jua ni rahisi, jioni ndiyo ghali

Nunua tokeni za shilingi 1,000 kwa nyumba inayotumia zaidi ya uniti 100 kwa mwezi (uniti moja ni kilowati moja ikitumika saa nzima), kisha usome ule ujumbe wa simu mpaka mwisho. Wengi wetu tunakimbilia zile nambari 20 za kubonyeza kwenye mita. Habari yenyewe iko mistari ya chini: pesa iliyonunua stima ni sehemu tu ya elfu yako, na nyingine imeenda kwa mafuta ya mitambo, marekebisho ya dola, mfumuko wa bei, ada ya EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, ada ya maji, asilimia 5 ya kusambaza umeme vijijini na VAT ya asilimia 16. Gawa elfu hiyo kwa uniti ulizopewa. Utakuta kila uniti imekufikia kwa karibu shilingi 30.

Mjadala wowote wa sola ya nyumbani ungepaswa kuanzia kwenye bei hiyo, kwa sababu paneli haikuletei pesa hata shilingi. Inachofanya ni kukupunguzia uniti za kununua. Wauzaji huanzia kwingine: ukubwa wa paneli, waranti ya miaka 25, na ile ahadi kwamba mtambo utajilipa kwa miaka mitatu. Mwamba ngozi huvutia kwake. Msimamo wangu ni kwamba kwa sehemu ndogo ya familia za Nairobi, sola sasa ni uwekezaji wa maana, ila kinacholipa si paneli bali betri. Kwa familia zilizobaki, na ndizo nyingi, pesa hiyo ina kazi bora kwingine.

Tuanze na bei, kwa kuwa bei ya stima Kenya ina ngazi ambazo wanunuzi wengi wa sola hawazijui. Aprili 2023 EPRA iliidhinisha viwango vitatu vya nyumbani. Asiyezidi uniti 30 kwa mwezi alitozwa shilingi 12.22 kwa uniti kabla ya makato, wa kati ya 30 na 100 akatozwa 16.30, na aliyepita 100 akatozwa 20.97. Tarakimu zimerekebishwa tangu hapo, lakini ngazi zimebaki. Ngazi yako huamuliwa na wastani wa matumizi ya miezi mitatu, na ukishaingia, bei yake inashika uniti zako zote, si zile za ziada peke yake. Jirani wawili kwenye barabara moja, mmoja wa uniti 95 na mwingine wa 105, hawanunui stima kwa bei moja. Wa kwanza, makato yote yakiwemo, yuko karibu na shilingi 25. Wa pili yuko karibu na 30.

Maana yake ni mbili. Mtu wa uniti 40 kwa mwezi analipa takriban shilingi 1,000. Hata sola ikimfutia bili nzima, ataokoa 12,000 kwa mwaka, na hakuna mtambo wa maana utakaojilipa kwa pesa hiyo kabla betri yake haijachoka. Huyo akitaka sola kwa ajili ya taa wakati stima imepotea, anunue tu, lakini asiite uwekezaji. Wa pili ni mtu wa uniti 150 na kuendelea. Kila uniti anayojitengenezea inamwokolea bei ya juu, na akifanikiwa kushuka chini ya 100, hata uniti anazoendelea kununua zinakuwa rahisi. Makala haya yanamhusu huyo.

Jua lenyewe si tatizo. Nairobi iko kama nyuzi 1 kusini mwa ikweta, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ubaridi wetu huwasaidia wenye paneli, kwa maana paneli hupoteza nguvu zinapopata joto jingi. Kwa wastani wa mwaka, kilowati moja ya paneli huzaa uniti 4 hivi kwa siku. Julai na Agosti, mji ukifunikwa na mawingu ya kijivu kuanzia asubuhi hadi saa nane, uzalishaji unashuka sana, kwa hiyo usinunue mtambo kwa hesabu ya Januari. Fundi akikushikilia kwamba lazima paneli zielekee kaskazini, msikilize kwa heshima tu. Karibu na ikweta namna hii, upande wa paa si jambo kubwa. Muhimu zaidi ni kuziinamisha nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi, na mtu wa Ruai anajua ni vumbi la aina gani ninalozungumzia.

Tatizo ni saa. Tembea kwenye mitaa ya Utawala, mashariki mwa Nairobi, siku ya Jumanne saa sita mchana. Watoto wako shule, wazazi wako mjini au barabarani kurudi kutoka mjini, na ndani ya nyumba kinachofanya kazi ni friji na rauta. Juu ya bati jua linawaka kwa nguvu zake zote. Rudi saa moja jioni: taa kila chumba, televisheni, blenda, pasi ya sare za kesho, simu nne kwenye chaja. Wakati huo paneli zimelala. Si ajabu kwamba gridi ya taifa nayo hufikia kilele chake jioni. Ni nyumba zile zile.

Ndiyo maana mifano ya taasisi inapotosha. Chuo Kikuu cha Strathmore kiliweka paneli za kilowati 600 kwenye mapaa yake mwaka 2014, na muuzaji mwenye picha hiyo kwenye simu atakuonyesha bila kuulizwa. Lakini chuo kina madarasa, kompyuta na jikoni mchana. Stima inatumika saa ile ile inayozaliwa. Familia ya kawaida iko kinyume kabisa cha chuo.

Sasa hesabu. Hii ni ya mfano, na msomaji aweke tarakimu za nyumba yake. Familia ya watu watano Utawala inatumia uniti 200 kwa mwezi, sawa na shilingi 6,000. Haina heater ya bafu ya papo hapo. Hiyo ina kesi yake, nitairudia. Kati ya uniti 200, tuseme 70 ni za mchana na 130 za jioni na usiku. Wanaletewa bei ya mtambo wa kilowati 3.3: paneli 6 za wati 550 kwa shilingi 84,000, inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) ya kuchanganya sola na gridi 75,000, betri ya lithiamu ya uniti 5 kwa 130,000, na vyuma, waya, fyuzi pamoja na kazi 61,000. Jumla 350,000.

Toa betri kwanza. Unabaki na mtambo wa 220,000 unaokuokolea zile uniti za mchana tu, labda 60 kati ya 70 kwa sababu ya mawingu. Hizo ni shilingi 1,800 kwa mwezi. Uniti 140 zilizobaki bado ziko ngazi ya juu. Mtambo unahitaji zaidi ya miaka 10 kurudisha pesa yake, na huo ndio umri ambao inveta nayo inaanza kusumbua. Kwa kipimo chochote, uwekezaji huo ni mbovu, na ndio unaouzwa kama wa bei nafuu.

Rudisha betri. Sasa jua la saa sita linatumika saa moja jioni, na unaokoa tuseme uniti 90 nyingine. Umebaki ukinunua 50 kwa mwezi, ngazi ya kati, kwa kama shilingi 1,250. Bili ya 6,000 imepungua kwa 4,750. Kwa mwaka ni 57,000, na 350,000 zinarudi kwa miaka 6 na kidogo. Tazama mchango wa betri peke yake: 130,000 za ziada zimeongeza akiba ya 2,950 kila mwezi, nusu na zaidi ya faida yote. Betri imejilipa chini ya miaka minne huku paneli zikihesabu kumi.

Najua hili linapingana na wanachosema wengi, kwamba betri ndiyo inayoua hesabu ya sola. Walikuwa sahihi wakati wake. Betri za gel na zile za maji zilitakiwa zisitumiwe zaidi ya nusu ya uwezo wake, na zikitumiwa kila usiku zilikufa baada ya miaka miwili mitatu. Kila mtaa una nyumba yenye maiti za betri hizo kwenye stoo, na mwenye nyumba anayekuambia sola ni utapeli. Lithiamu ya fosfeti ya chuma, ambayo ndiyo imejaa madukani sasa, inavumilia kuchajiwa na kumalizwa maelfu ya mara, na unaweza kutumia sehemu kubwa ya uwezo wake bila kuiumiza. Watengenezaji wengi huandika mizunguko 6,000, ambayo kwa matumizi ya kila siku ni miaka 16. Mimi nimehesabu 10, kwa sababu waranti ni ahadi ya muuzaji, na wauzaji wa sola mjini huhama maduka mara nyingi kuliko betri zinavyokufa.

Kujilipa kwa miaka 6 bado hakujajibu swali la uwekezaji. Pesa ile ile ingefanya nini kwingine? Nikihesabu miaka 20, nikaweka kubadilisha betri na inveta mwaka wa 10 kwa shilingi 205,000, mtambo huu unazalisha kama asilimia 12 kwa mwaka. Na hakuna kodi, kwa kuwa KRA, mamlaka ya kodi, haitozi stima ambayo hukununua. Si haba. Lakini Februari 2024 serikali iliuza hatifungani (bondi) ya miundombinu ya miaka 8 na nusu kwa asilimia 18.46 bila kodi, na aliyeweka 350,000 pale alifanya vizuri kuliko jirani yake mwenye paneli, bila kupanda paa. Riba zimeshuka sana tangu wakati ule, ndiyo sababu sola inaonekana vizuri zaidi sasa. Kipimo ni hicho basi: linganisha 12 yako na hatifungani inayotangazwa wiki unayoletewa bei ya mtambo. Ukumbuke pia kwamba hatifungani unaweza kuiuza ukipata dharura. Paneli zilizokwishafungwa kwenye bati hazikulipii bili ya hospitali.

Mwenye kukopa ana hesabu nyingine kabisa. Mkopo wa sacco wa 350,000 kwa asilimia 1 kwa mwezi kwenye salio linalopungua, miaka mitatu, unadai karibu 11,600 kila mwezi. Stima uliyookoa ni 4,750. Karibu shilingi 6,900 zinatoka mfukoni kila mwezi kwa miaka mitatu, na mwisho wake utakuwa umekopa kwa asilimia 12 ili upate asilimia 12. Wale wa lipa pole pole wenye riba ya juu kuliko sacco wanakupeleka hasara moja kwa moja, hata kama kifaa ni kizuri.

Kuna thamani moja ambayo tokeni haiwezi kuonyesha. Agosti 25, 2023 nchi karibu yote iliingia gizani, ikarudia Novemba na Desemba mwaka huo huo, kisha Mei na Septemba 2024. Hizo ni zile kubwa zilizoingia kwenye habari. Transfoma ya mtaa ikilipuka hakuna anayetangaza. Anayefanya kazi ya mtandaoni kutoka nyumbani, au anayeuza maziwa na kuku wa friji, ajue siku moja ya giza inamgharimu kiasi gani na aiongeze kwenye hesabu kwa uaminifu. Anayepoteza nusu fainali tu asijidanganye. Na wote wawili wajue kwamba mtambo wa gridi usio na betri hujizima stima inapopotea, kwa usalama wa mafundi walio kwenye nguzo. Wapo waliogundua hilo usiku wa kwanza wa giza.

Mtu ataniuliza kuhusu kuiuzia Kenya Power ziada. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango huo na kanuni zake zikatoka 2024: kwa kila uniti unayosukuma kwenye gridi unarudishiwa nusu uniti kama salio la stima, si pesa taslimu. Kwa familia yetu ya Utawala, nusu hiyo ingebadilisha kila kitu. Paneli za kilowati 3.3 zinazaa karibu uniti 400 kwa mwezi. Ziada ya mchana ingelipa jioni zake zote, na betri ingekuwa anasa. Hata hivyo sipangi bajeti juu ya kanuni. Mita ya njia mbili ikiwa ukutani kwangu na ikirudi nyuma, nitaandika makala mengine.

Sasa ile heater ya bafu. Inavuta kilowati 5 na zaidi. Watu wanne, dakika nane kila mmoja, ni karibu uniti 3 kwa siku, uniti 90 kwa mwezi, shilingi 2,700. Inveta ndogo haiwezi kuibeba; itapiga kelele na kuzima nyumba nzima huku mtu ana povu kichwani. Nyumba nyingi zinazolalamikia bili kubwa hazihitaji paneli za stima hata kidogo. Zinahitaji tangi la maji ya moto la sola juu ya paa, ambalo ni rahisi kuliko mtambo wa hapo juu, halina betri, na linafuta mzigo mmoja mkubwa kuliko yote. Kizuizi ni maji ya kisima. Chumvi ya maji ya visima vingi upande wa Utawala na Kitengela huganda ndani ya mirija, kwa hiyo uliza mtambo ambao maji yako hayapiti kwenye mirija yenyewe.

Katika hatari zote, Nairobi ina moja ambayo haimo kwenye vipeperushi: jirani. Umejenga bangaloo Kasarani, umefunga paneli, na mwaka wa nne kiwanja cha pili kinapanda ghorofa sita. Jua lako la saa nane limekwisha. Kabla ya kulipa, tazama viwanja vitupu upande wa mashariki na magharibi kwa makini kuliko unavyotazama paneli. Fundi naye awe na leseni ya EPRA ya daraja T3 kama mtambo unaunganishwa na gridi. Ukiuliza nambari akianza hadithi, umepata jibu.

Hatari ya mwisho iko kwenye bei ya stima. Wauzaji hupandisha bei ya uniti kila mwaka kwenye jedwali zao, na miaka 20 ikifika wewe ni tajiri. Lakini mwaka 2024 shilingi ilipotoka karibu 160 kwa dola hadi kama 129, stima ilishuka. Sera nayo haitulii: Sheria ya Fedha ya 2020 iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola, ya 2021 ikaurudisha. Tena tangu 2018 mteja wa nyumbani Kenya halipi ada ya kudumu, ndiyo maana kila uniti unayoacha kununua ni akiba kamili. Wenye uwezo wakizidi kuhama gridi, sioni kwa nini ada hiyo isirudi. Johannesburg waliweka randi 200 kwa mwezi kwa wateja wa tokeni Julai 2024. Ada ikirudi hapa na bei ya uniti ikashuka kutoka 30 hadi 25, ile asilimia 12 yetu inakuwa 8 hivi, na hapo hatifungani inashinda.

Wapangaji, ambao ndio wengi mjini, nimewaacha makusudi: hakuna sababu ya kufunga paneli kwenye bati la mtu mwingine. Mwenye jengo ndiye aliyelala, fursa ikimpita. Ghorofa zima mtaa wa Pipeline lina pampu inayopandisha maji kwenye matangi, na pampu haijali inasukuma saa ngapi. Ikisukuma saa nne hadi saa nane mchana kwa paneli zake yenyewe, bila kutegemea gridi, haihitaji betri, na maji yanayotumika jioni yameshapanda. Pampu ya kilowati moja na nusu kwa saa nne ni uniti 180 kwa mwezi, karibu zile za familia yetu nzima ya Utawala, na zote zinatumika jua likiwa kichwani. Kodi haitashuka kwa ajili hiyo, lakini stima ikipotea mchana, wa ghorofa ya tano hatabeba mtungi.